Gauni la Ukubwani

Fundi cherehani alikwenda kuchanjwa kwa mbwembwe. Mbele ya watu waliojikunyata kwa woga, alitamba kwamba yeye na sindano ni ndugu wa damu, zimemdunga vidole tangu utotoni, sasa hiyo moja ya begani itamfanya nini? Akachomwa mkono wa kushoto. Nesi akamwomba akae kidogo kwenye benchi pamoja na wenzake, apumzike na kusikiliza maelezo. Akae! Na magauni ya watu yamelala mezani? Alishukuru juu juu, akashika njia.

Homa ikamshusha mbwembwe zote. Jioni ile mwili ulimtetemeka hadi meno yakagongana, na binti yake akamfunika kwa kila kilichoweza kufunika ndani ya nyumba, hadi pazia. Binti huyo, mama yake alimwita Kijiti kwa wembamba wake. Baba mtu aliondoka zamani bila kuaga, kwa hiyo walikuwa wawili tu na cherehani yao.

Asubuhi homa ilikuwa imetoka. Fundi akaenda kuoga, akijisifu kwamba mambo yamekwisha. Aliposugua kwapa la kushoto, vidole vikakutana na kitu. Uvimbe, mgumu kidogo, mkubwa kama harage. Akaugusa tena, akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea.

Mama yake alianza hivyo hivyo. Uvimbe kwapani, baadaye titini, na kabla mwaka haujageuka walikuwa wamemzika. Fundi wakati huo alikuwa na umri alionao Kijiti sasa. Hilo ndilo lililomkata maini. Kufa angejikaza, lakini Kijiti angemwachia nani?

Mtu mwingine angerudi zahanati. Yeye alikwenda kwenye kibanda chake cha kushonea, na huko hakutulia hata kidogo. Alikaa, akainuka, akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akapenyeza mkono ndani ya blauzi, akatoka. Akaingia tena, safari hii na tepu ya kupimia, akajizungushia kutoka begani hadi kwapani. Akaona umeongezeka. Akapima upya, akaona umepungua, maana kila mara alianzia mahali tofauti. Alishona mkono wa blauzi nje ndani, akaufumua, akaushona vile vile. Kijiti alipotoka shule na kumuuliza, "Mama, una nini leo?" alifokewa akaoshe vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Kesho yake akafungua kabati, akatoa kitambaa cha zambarau alichokuwa akikionea huruma kukikata miaka yote. Aliamua kumshonea Kijiti gauni la ukubwani, la kuvaa siku yoyote kubwa ambayo mama hatakuwepo. Vipimo vya mwili ambao haujakua angevitoa wapi? Akachukua vyake mwenyewe, kifua, kiuno na nyonga, kwa kuwa yeye pia aliishia kuwa na umbo la mama yake. Akakata. Ni fundi cherehani tu anayeweza kuambiwa na hofu kwamba anakufa, naye akajibu kwa kushona. Alikanyaga cherehani huku analia, akikasirika kila chozi lilipodondokea kitambaa.

Gauni lilikuwa limebaki kupigwa pasi alipoingia mwalimu wa mtaani kujaribu blauzi yake. Wakaenda nyuma ya pazia. Fundi alipopitisha tepu kwapani, mwalimu akaruka.

"Taratibu, fundi! Nina tezi hapo tangu ile chanjo."

Fundi akashusha tepu. "Tezi gani?"

"Si ile nesi alituambia pale kwenye benchi? Kwamba tezi za kwapani zinaweza kuvimba upande uliochomwa, ni mwili unafanya kazi yake. Zinanywea zenyewe baada ya muda. Zisiponywea, urudi wakuangalie. Kwani wewe hukusikia?"

"Mimi niliondoka."

"Ukaenda wapi?"

"Kushona," alisema fundi. Akainua mkono. "Hebu nishike hapa, dada yangu. Shika, tafadhali."

Wakashikana makwapa pale nyuma ya pazia, watu wazima na heshima zao. Mwalimu akasema wamelingana, labda wake umezidi kidogo.

"Lakini nenda kamuulize nesi," aliongeza. "Mimi kazi yangu hesabu."

Fundi alimsindikiza hadi nje, akabaki mlangoni anahema. Alitaka kucheka, alitaka kukimbilia zahanati, alitaka kufunga kibanda alale. Alipogeuka akamkuta Kijiti, aliyekuwa ameingia kwa mlango wa uani, amesimama katikati ya kibanda na gauni mwilini. Mabega yalikuwa yamemwangukia hadi kwenye viwiko.

"Mama, hili la nani? Nimeona umeandika jina langu kwa chaki."

"Lako. La ukiwa mkubwa."

"Sasa mbona unalishona leo?"

Uongo haukumjia. Fundi akamwambia yote, uvimbe, bibi yake, na maneno ya mwalimu. Kijiti alisikiliza, na uso ukamwiva kwa hasira.

"Kwa hiyo ungekufa uniachie gauni?"

"Mwanangu..."

"Kubwa hivi! Nani angenipunguzia?"

Fundi alipeleka mkono kwapani bila kujijua, na uvimbe ulikuwa bado upo.

"Lipunguze sasa hivi," alisema Kijiti. "Nalitaka sasa."

"Nikilipunguza sasa, ukikua halitakuingia tena."

"Nikikua utanishonea lingine."

Fundi akapiga magoti, akachukua mkasi.