Ukuta wa Klachi

Kwenye yadi yetu, dereva akiunguza klachi, ile sahani iliyoungua haitupwi. Hupakwa rangi nyekundu, huandikwa jina la dereva kwa rangi nyeupe, kisha hutundikwa kwa msumari kwenye ukuta unaotazamana na geti, ili kila anayeingia aisome kabla hajasalimia. Ya tatu ikitundikwa, dereva anarudisha funguo na kwenda zake. Aliyeuanzisha utaratibu huo ni tajiri, mwenye magari, na sisi watu wazima wenye watoto na wajukuu tumepita mbele ya ukuta huo miaka na miaka tukijifanya tunatafuta kitu mfukoni.

Mimi ni fundi wa hapo. Giaboksi sikufundishwa na mtu, nimezijua kwa kuzifungua. Na kwa kuwa sikujaliwa sauti ndogo, wenzangu wananiita Kipaza.

Asubuhi hiyo shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliingia getini na gari limekwama kwenye gia ya pili. Gia haitoki wala haibadiliki. Akalizima likiwa bado linataka kwenda, likaruka kama limepigwa teke. Gari lenyewe tunaliita Nyati. Zamani lilikuwa gari la kawaida la porini, mpaka tajiri alipolikata na kulisuka upya kwa mikono yake. Aliliinua, akalivika matairi yanayonifika kiunoni, akang'oa injini yake na kupachika ya lori, na mpaka siku hiyo klachi yake aliibadilisha mwenyewe. Kazi yake ni kupandisha mabomba na mapipa kwa wachimba visima, kule vilimani ambako gari jingine likienda linarudi kwa kuvutwa.

Tajiri akatoka ofisini na kikombe chake. Hakumtazama Nyati. Alitazama viatu vya shemeji, halafu ukuta. Sahani mbili za shemeji zilikuwa zinaning'inia pale.

"Mguu Mzito," akasema, kwa jina alilompachika mwenyewe, "klachi si kiti. Haikaliwi."

"Tajiri, sijaikalia."

"Hizo mbili pale zilipanda ukutani zenyewe?"

Nikatoka chini ya lori nililokuwa nalo. "Shikamoo, tajiri. Mgonjwa hajavua hata shati, na wewe umeshajua ugonjwa?"

"Marahaba, Kipaza. Ugonjwa nimeuona, una viatu."

"Basi niache nipime."

"Pima. Fungua kabisa. Sahani ikiwa imeungua, shemeji yako ataacha funguo mezani, na wewe utamsindikiza."

"Na isipoungua?"

"Itakuwa imeungua," akasema, akarudi ndani.

Mtu anaweza kudhani nilijiingiza kwa ajili ya undugu. Undugu ulikuwepo, sikatai. Lakini nina ubaya mmoja: sisahau. Kabla ya shemeji, Nyati aliendeshwa na mzee tuliyemwita Polepole. Huyo chai ilikuwa inapoa mbele yake kwa sababu lazima aifikirie kwanza. Barabarani alipitwa na baiskeli, akazipisha kwa adabu. Mtu huyo ndiye aliyetundikiwa sahani tatu za Nyati na kuambiwa ana haraka! Alipotoka hapakuwa na yadi iliyomtaka, maana geti letu liko barabarani na matajiri wote wa mji husoma ukuta wetu wanapopita. Leo Polepole analinda ghala la mbao. Shemeji naye alikuwa anangojwa na hilo hilo. Kazi unaweza kupata nyingine. Jina likishachafuliwa kwa rangi nyeupe juu ya nyekundu, dereva anageuka mtembea kwa miguu.

"Shemeji," akaniambia huku anajifuta jasho, "nikifukuzwa nahamia kwako. Dada yangu hawezi kunikataa."

"Dada yako anaweza sana. Ndiyo maana atanituma mimi nikukatae. Panda, washa."

Nikamwambia avute breki ya mkono, aache ile ile gia ya pili, aachie klachi taratibu. Klachi iliyoungua huteleza: injini inanguruma, gari limekaa. Nyati alijikunja, akatetemeka, akazima.

"Imeshika," nikasema. "Iliyoungua haishiki hivyo."

"Nimwite tajiri aone?"

"Tulia. Ukimwita sasa atakwambia ni bahati."

Injini ikiwa imezimwa, nikajaribu gia zote. Ziliingia kama funguo kwenye kufuli lenye mafuta, hata ile ya pili ikatoka bila ugomvi. Kwa hiyo ndani ya giaboksi hakuna jino lililovunjika. Akawasha, akakanyaga klachi mpaka sakafuni, nikatia rivasi. Ikalia kama kabati la masufuria limeanguka. Nikaangalia mafuta ya klachi: yamejaa. Nikaingia chini wakati anakanyaga: fimbo ya klachi inasukuma mpaka mwisho. Maana yake mguu unaiambia klachi iachie, nayo haiachii. Na pale alipokuwa amekanyaga, gari likiwa kwenye gia, nikasikia mlio mwembamba kule mbele, kama wa paka aliyebanwa na mlango.

"Analia hivi tangu lini?"

"Tangu nikabidhiwe. Nilimwambia tajiri, akasema injini ya lori lazima iongee."

"Na gia ya tatu?"

"Inaruka. Mlimani naizuia kwa goti."

"Kwa goti! Na hukusema?"

"Nilisema, Shemeji. Nikaambiwa goti ninalo."

Gari lililoinuliwa lina faida moja tu kwa fundi: unaingia chini bila jeki. Tukafungua shafti za magurudumu ya mbele na nyuma, tukaifunga giaboksi mnyororo, tukaanza kulegeza bolti. Zilipobaki mbili, tena hazijatoka, shemeji akaigusa giaboksi kwa bega akitafuta nafasi ya kupitisha mkono. Ikasogea. Akanitazama.

"Inacheza," akasema.

Nikaleta taa. Giaboksi yoyote inaposhikamana na injini huwa na pini mbili fupi za chuma, na kazi yake ni kulenga. Bolti hubana tu, pini ndizo huikalisha katikati. Kwa Nyati hapakuwa na pini hata moja. Mahali pake palikuwa na vidonda viwili vilivyosagwa kwa grainda, vimeshika kutu. Na matundu ya bolti yaling'aa upande wa juu, kila moja. Giaboksi nzima ilikuwa imelala chini kidogo kwa uzito wake, miaka yote hiyo, imening'inia kwenye bolti.

Grainda hiyo naikumbuka. Siku ile tajiri alipounganisha injini aliita marafiki, wakasimama na soda mkononi wakimsifu kila akigeuza spana. Kumbe pini za upande mmoja hazikukutana na matundu ya upande wa pili. Nilikuwa chini ya lori jirani. Nikasikia grainda, nikasikia na sauti yake: "Bolti zinatosha!" Wakapiga makofi. Kilichokuwa kinakatwa sikukiona. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Tukaishusha giaboksi juu ya matairi mabovu. Sahani ya klachi ikatoka. Nyama yake ya kusugua bado ilikuwa nene, rangi yake ile ile, haina harufu ya moto. Lakini meno ya tundu la katikati, yale yanayopita juu ya shafti ya giaboksi, yalikuwa yametafunwa mpaka yakawa makali kama wembe. Na ile beringi ndogo iliyomo kwenye injini, inayopokea ncha ya shafti, niliigusa ikamwagika vipande kiganjani.

Jambo lenyewe ni hilo, wala halina uchawi. Shafti iliingia kombo. Ikaitafuna beringi, ndiyo yule paka. Ikaing'ang'ania sahani isiteleze ukikanyaga, ndiyo gia kukataa. Ikaisukuma gia ya tatu itoke, ndiyo lile goti. Ukiweka sahani mpya yenye meno mapya, inateleza vizuri kwa muda, kila mtu anafurahi, dereva anaonywa. Halafu inatafunwa tena. Na sisi, Nyati akigoma, yadi nzima tunageuka kutazama ukutani! Chini ya gari hakuna anayetazama.

"Twende kwa tajiri," shemeji akasema, sahani mkononi.

"Ngoja. Hii moja atasema tumeikuta mapema, kabla haijaungua. Lete ngazi."

Nikaita watu kwa ile sauti yangu. Wakaja wachomeleaji, wakaja madereva, wakaja na wale wa upande wa matairi ambao huja tu wakisikia kuna ugomvi. Nikatoa kwenye msumari sahani ya kwanza ya Polepole. Msumari ulikuwa unapita katikati kabisa, hapo hapo penye meno, na rangi ilikuwa imefunika kila kitu. Nikaikwangua kwa bisibisi. Nyama nene. Meno wembe. Nikatoa ya pikapu, ya dereva mwingine: hiyo kweli iliungua, nyama imeisha mpaka kwenye ribiti zinazoishikilia, meno ya katikati mazima. Nikawapa wazipitishe mkono kwa mkono. Tukakwangua za Polepole zote, na mbili za shemeji. Meno yote yalikuwa yale yale.

"Kumbe tumetundika ushahidi wenyewe," akasema mchomeleaji mmoja, wakacheka, halafu wakaacha kucheka kwa sababu tajiri alikuwa amesimama nyuma yao.

Nilimpa sahani moja ya Polepole. Akapitisha kidole gumba kwenye meno. Akaenda kwa Nyati, akainama, akaviona vile vidonda viwili. Mtu anaijua kazi ya mkono wake. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Kachongesheni pini," akasema.

"Na dereva?"

"Aendelee. Wachimbaji wananisubiri."

"Na ukuta?"

"Ukuta ni wangu, Kipaza."

Nilishafungua mdomo, lakini shemeji akanitangulia, yeye ambaye nyumbani kwangu huomba chumvi kwa ishara. Akaweka funguo juu ya boneti.

"Basi na gari ni lako, tajiri. Jina langu likibaki pale, panda mwenyewe. Goti unalo."

Tajiri akatazama funguo, akatazama madereva wengine mmoja mmoja akitafuta wa kuzichukua, nao wakayaona matairi yao yana jambo la kuangaliwa.

"Toeni za Nyati," akasema hatimaye. "Zote."

Fundi wa mashine alichonga pini, tukatoboa upya, tukaweka beringi na sahani mpya. Giaboksi ikaingia kwa kusukumwa na kiganja, ikakaa. Nyati akapanda mlima na mzigo wake, kimya, na gia ya tatu ikatulia mahali pake. Shemeji anasema sasa tatizo ni goti, halijui pa kukaa.

Sahani tatu za Polepole nilimpelekea kule kwenye ghala la mbao. Alizigeuza moja moja, polepole kama kawaida yake, akapapasa meno.

"Nilimwambia tajiri, Nyati analia," akasema.

"Tajiri anakubali sasa."

"Amekwambia uje uniambie?"

"Hapana, mzee wangu."

Akanirudishia sahani. "Basi mwambie njia anaijua. Aje kwa miguu."

Salamu nilizifikisha. Bado hajaenda. Pini zile zipo, Nyati anatembea, ukuta una misumari mitano mitupu, na kila asubuhi, kabla sijashika spana, nasimama mlangoni pa ofisi.

"Shikamoo, tajiri."

"Marahaba, Kipaza."

"Umeshapita kule kwenye mbao?"