Mtani Wangu wa Stesheni ya Tura

Treni ilizuiwa Tura asubuhi, baada ya abiria mmoja kugundulika ana ndui. Bibi Kuluthumu, nesi wetu mkuu, alimhamishia mgonjwa kwenye kibanda cha stesheni, kisha akanigeukia.

"Mimi nabaki na huyu. Apolinaria, kachanje behewa la tatu. Wote wachanjwe, asiondoke mtu."

Ndiyo kwanza nimemaliza mafunzo. Sauti yangu hata paka wa nyumbani haisikilizi. Nilipofika, abiria walikuwa wanashusha mizigo yao dirishani. Wakitawanyika, ndui itaingia nao vijijini, mpaka kwa mama yangu.

Mbele yao alisimama mzee mwenye tarbushi nyekundu. "Twendeni zetu!" alisema. "Mimi Pazi, Mzaramo halisi, sichanjwi na kitoto!"

"Shikamoo, baba. Naomba mrudi..."

"Marahaba. Pisha njia."

Watu wakacheka. Machozi yakanilenga. Halafu neno lake likanigonga: Mzaramo! Mimi ni Mnyamwezi. Tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani wakibeba mizigo ya misafara, sisi na Wazaramo ni watani, na mtani hamkasirikii mtani wake.

Nikapanda juu ya gunia la karanga.

"Kumbe ni mtani wangu! Haya, nenda ukafe! Msibani kwako nitavaa hiyo tarbushi, niwaonyeshe waombolezaji jinsi ulivyokimbia sindano!"

Kisha Mzee Pazi akaangua kicheko mpaka tarbushi ikamdondoka.

"Mbeba mizigo wewe! Huyu ataniaibisha kweli mbele ya wakwe zangu!" Akakunja mkono wa kanzu. "Nichanje upesi!"

Nikamchanja.

"Sasa, mtani, panga watu. Wenye watoto wachanga kwanza."

"Mmesikia?" akanguruma. "Mstari!"

Nikajisikia naagiza: wewe mshike mtoto, wewe rudisha gunia, mama usiogope, ni mkwaruzo tu. Na walitii! Moyo ulinidunda kama ngoma ya kulimia.

Tulipomaliza, Bibi Kuluthumu aliita kutoka mlangoni mwa kibanda. "Apolinaria! Behewa la nne wanashusha mizigo. Nimtafute mtu akusaidie?"

"Ninaye, Bibi!"

Nikanyakua kisanduku cha chanjo, nikakimbia. Mzee Pazi alinitangulia, tarbushi mkononi, akipiga kelele, "Pisheni njia! Nesi wetu anapita!"