Matufaa ya Bi Pua

Bi Pua angeweza kumeza kunyang'anywa gesi. Yale maneno ndiyo yaliyomkwama kooni.

Binti yake, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho, alifungua kichwa cha mtungi asubuhi ya Jumamosi, akakichomoa pamoja na mpira wake, akavitumbukiza vyote kwenye mkoba wa kazini kati ya mafaili na kitana.

"Usiniangalie hivyo, Mama. Hata matufaa huwezi kuchemsha tena. Kesho kaka anakuja na gari, utaenda kukaa kwake. Kuna msichana wa kazi, utapumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Binti alikuwa keshafika mlangoni, na mtu akishafika mlangoni hasikii.

Tuseme ukweli, Kitinda hakuwa na roho mbaya. Wiki sita nyuma Bi Pua aliugua mafua makali ya kulazwa kitandani siku tisa, na alipoinuka yeye, pua haikuinuka. Kahawa, sabuni, maziwa yaliyochacha, vyote kwake vikawa sawa na maji. Kisha Jumatatu iliyopita Kitinda alirudi kutoka mahakamani, anakofanya kazi ya ukarani, akakuta jikoni kumejaa gesi na mama yake kakaa humo humo anachambua mchele, kiberiti kipo mezani. Alimtoa nje mkukumkuku, akaufunga mtungi na kukataza usiguswe tena. Bi Pua akasema jiko alilifunga. Akasema tena. Akasema mara ya tatu, na mara ya tatu hata yeye mwenyewe akaanza kujitilia shaka. Kabla Kitinda hajavua viatu alikuwa keshampigia kaka yake simu, na watoto wakakata shauri bila kumuuliza mwenye nyumba.

Na mwenye nyumba huyo ni mwanamke aliyepika miaka ishirini na sita katika kantini ya kiwanda cha nyuzi, chakula cha watu mia tatu kwa zamu. Jina alilipata huko. Alikuwa akisimama stoo, anahesabu magunia, mara anapaza sauti: "Maharage ya sufuria ya tatu yanashika chini." Ukienda ukifunua, yanashika. Jina lile alilivaa kama cheo. Siku hizi mtu akimwita hivyo sokoni anahisi anazomewa, na aibu hiyo hakumwambia mtu yeyote.

"Matufaa ndiyo nisiweze," aliiambia sufuria. "Haya, tutaona."

Sharubati yake ya moto kila mtu anaijua. Matufaa hukatwa na maganda yake, yakatiwa mdalasini, karafuu, tangawizi na ganda la chungwa, yakachemka polepole mpaka yapondeke, kisha yakachujwa kwa kitambaa na watu wakanywa huku wanapuliza. Baridi ikiingia, wanawe waliokuwa mbali hupiga simu kuuliza kama ameshapika. Hakuwahi kupima kitu. Pua ndiyo ilikuwa kipimo.

Alilivuta jiko la mkaa kutoka nyuma ya banda, akalifuta utando wa buibui, akaliwasha uani penye hewa. Akakata matufaa kumi na mawili. Viungo akavitupia kwa mkono, kama zamani. Kisha akakaa kwenye kigoda, kakunja mikono, akingoja harufu imwambie cha kufanya. Mazoea yana kichwa kigumu, jamani.

"Dada, unachoma nini huko?"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta. Ni fundi makochi, jirani yake wa miaka kumi, mtu wa kulalamikia kila kitu hadi mvua.

"Sichomi. Napika."

"Basi unachopika kinaungua. Tangu nianze kugongelea kiti hiki."

Alifunua. Mwiko ulipofika chini ulikutana na ukoko mgumu, na ulipotoka ulikuwa mweusi nusu yake. Bi Pua alilia. Alilia kwa hasira, mwiko mkononi, kwa sababu kwa dakika ile moja aliona Kitinda ana haki, na hakuna kitu alichokichukia duniani kuliko hicho. Fundi alipanda juu ya kitu huko kwake, kichwa kikachomoza ukutani.

"Umeungua?"

"Pua yangu imekufa, fundi. Wiki ya sita hii. Sasa umejua, katangaze."

"Nitangaze nini? Mimi sikio hili la kulia halisikii mwaka wa nne. Wateja wanasema naringa."

Bi Pua alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Hakucheka, ila kilio kilikoma.

"Safari hii usiniambie kama kinaungua."

"Hata kikiungua?"

"Hata kikiungua. Nitajua mwenyewe."

Yalikuwa yamebaki matufaa saba, mawili yakiwa yamebonyea. Ile sufuria iliyoungua aliiweka pembeni, akachukua nyingine. Viungo safari hii alivihesabu: vijiti viwili vya mdalasini, karafuu sita, tangawizi ya urefu wa kidole gumba. Akapunguza mkaa kwa koleo mpaka vikabaki vipande vitano. Kisha akainamisha kichwa, akasikiliza. Mwanzoni maji yalichemka kwa haraka na wepesi. Matufaa yalipoanza kupasuka sauti ikawa nzito, ya kuvuta miguu, na hapo akajua maji yanapungua, akaongeza kikombe. Kila akihesabu mia, alipitisha mwiko chini ya sufuria: ukiteleza, salama, ukikwama hata kidogo, anaipua. Alionja kwa ncha ya ulimi. Utamu aliupata, ukali aliupata, tangawizi ilimuuma vizuri. Ulimi ulipoanza kufa ganzi alijua ni karafuu, akaopoa mbili, akazitupa. Kazi iliyokuwa ya nusu saa ilimchukua saa mbili na mgongo mzima. Lakini mwiko haukukwama.

Kitinda alirudi saa nane. Alipouona mkaa uani, alisimama na mkoba begani.

"Mama, nilikwambia nini?"

"Uliniambia siwezi kuchemsha matufaa. Kaa unywe."

Kitinda alikaa, kwa kuwa sauti ile aliijua tangu utotoni. Akapuliza, akanywa.

"Siyo ile."

"Siyo ile," Bi Pua alijibu bila kumumunya maneno. "Ile niliipika kwa pua, na pua sina. Hii nimeipika kwa masikio, mkono na ulimi. Ya kwanza niliiunguza, sufuria ile pale, sijaificha. Sema kama mbaya."

"Si mbaya." Akanywa tena. "Ni nzuri, Mama. Lakini gesi si matufaa. Gesi haina sauti."

"Leta vitu vyangu."

Bi Pua aliumwagia mkaa maji mpaka ukazima wote. Akaingia jikoni, akafungua madirisha yote mawili, akafunga mpira na kichwa cha mtungi kama vilivyokuwa Jumatatu. Swichi za jiko akazihakikisha zimezimwa, akamwambia na Kitinda azihakikishe. Kisha akakoroga sabuni ya unga katika kibakuli mpaka povu likasimama.

"Kantini tulifanya hivi kila Jumatatu, na pua zetu zilikuwa nzima. Fungua mtungi."

Alipaka povu kwenye kichwa cha mtungi. Povu halikutikisika. Akaupaka mpira, shibiri kwa shibiri, hadi pale unapoingia kwenye jiko. Hapo povu likavimba. Puto dogo likatoka, likakua, likapasuka. Likatoka lingine.

"Funga," alisema.

Kitinda alifunga, akapiga magoti, akaugeuza mpira. Chini yake, upande usioonekana, kulikuwa na ufa mwembamba wa urefu wa ukucha. Aliutazama muda mrefu kuliko ulivyostahili kutazamwa.

"Ulisema ulifunga jiko."

"Nilisema mara tatu."

Binti akaanza kulia, na Bi Pua akamwacha alie, maana naye alikuwa na haki ya kuona mtu mwingine akilia leo. Baadaye Kitinda alitoa simu.

"Kaka, ile safari ya kesho," alisema. "Usije na gari. Mama haendi."

Kaka mtu alifoka huko aliko, akasikika hadi mezani: ameshatandika kitanda, ameshamlipa dereva, na mama ni mtu mzima, atagoma mpaka lini. Bi Pua alinyoosha mkono, akapewa simu.

"Gari njoo nalo, mwanangu," alisema. "Uniletee mpira mpya wa gesi, mita moja na nusu. Ukifika ubishe hodi, maana hapa ni kwangu."