Glasi Iliyopata Joto

Nilikuwa nimeshachanganya peroksaidi na tone la amonia kwenye glasi, na sasa nilikuwa nafunga uzi kwenye kishungi cha nywele nilichokata nyuma ya sikio la wifi yangu. Uzi hufungwa upande wa shina, ili nisichanganye shina na ncha.

"Mimi nimekuja kupakwa rangi," alisema. "Hizo umezikata za nini?"

"Ndizo nitakazoziuliza kwanza."

"Hivi kaka yangu alioa msusi au polisi?"

Mama Mikate, mwenye tanuri mtaa wa pili, alikuwa chini ya draya. Alicheka mpaka rola zikagongana kichwani.

Wifi ni fundi cherehani. Mwaka juzi alishikwa na homa ndefu, na alipopona nywele zikamtoka kwa mafungu. Tangu hapo hakuonekana bila kilemba, hata kwenye picha za nyumbani. Nywele zilirudi, zikajaa, zikamfika mabegani. Keshokutwa ndugu wote wanakutana kupiga picha na mama yao, naye ameapa kwamba safari hii atasimama mbele, kichwa wazi, na nywele za kahawia kama mdalasini. Nikiziharibu, atarudi kwenye kilemba.

Nilikuwa nimemwuliza kama amewahi kupaka kitu. Mafuta tu, alisema.

Unywele ukiutazama kwa kioo cha kukuzia ni kama paa la vigae, vimelaliana kuelekea ncha. Ndani yake kuna nyuzi za protini zilizoshikamana kwa salfa, ile inayonuka unywele ukiungua. Amonia huvifunua vigae, peroksaidi ikaingia na kufifisha rangi ya asili, na rangi mpya ikajijenga humo humo. Ni kazi salama, ilimradi ndani hajatangulia mgeni mwingine.

Nikatumbukiza kishungi. Mapovu yakaanza kupanda, kwanza machache, kisha kama sabuni. Nikampa wifi glasi aishike.

"Ina joto," alisema.

"Na sikuiweka motoni."

Nikakitoa kishungi, nikakisuuza, nikakivuta kidogo. Kikakatika kama uzi uliooza.

Wifi alikitazama kipande kilichobaki kwenye vidole vyangu. Mama Mikate akainua draya.

"Sema tu, bibi. Hapa hakuna hakimu."

"Wewe si ulikuwa unakausha nywele?"

"Nywele bado. Masikio yalikauka mapema."

Wifi akacheka bila kupenda. "Kuna unga mweusi nilinunua sokoni," alisema. "Nywele zilirudi na mvi hapa mbele. Nimeziomba nywele, nimepewa, halafu nianze kulalamikia rangi? Nikazipaka kimyakimya."

"Unga wa namna hiyo mwingine huwa na chumvi za madini. Zikikutana na peroksaidi zinachemka. Ningekupaka kichwa kizima bila kujaribu, saa hii tungekuwa tunaziokota sakafuni."

"Basi imekwisha." Mkono wake ulikuwa umeshashika kilemba mapajani.

"Ngoja. Uliacha lini kuupaka?"

"Ulipoisha. Kabla ya mvua."

Nikakata kishungi kingine, nikabakisha sehemu ya shina tu, ile iliyoota baada ya mvua, nikakitia kwenye glasi mpya. Tulingoja. Mama Mikate naye alingoja, draya ikipuliza hewa ya bure. Glasi ilibaki baridi. Nilipokivuta, kilinyumbuka kisha kikarudi.

"Hizi mpya ni safi," nilimwambia. "Lakini ni fupi, kama kiungo cha kidole. Ukitaka urefu, baki na weusi wako, tusiguse kitu. Ukitaka kahawia, zile za zamani ziondoke. Usinijibu haraka."

Alijitazama kwenye kioo, akazikusanya nywele zote kwa mkono mmoja, akaziachia.

"Pindo la gauni likiungua, nakata pindo," alisema. "Gauni silitupi. Kata."

Nikaanzia kisogoni. Weusi ukaanguka kwa mafungu, na chini yake zikatokea nywele fupi zenye mawimbi madogo ambayo hata yeye alikuwa ameyasahau. Akapitisha kiganja shingoni, akapitisha tena.

Nilipofika nyuma ya masikio, jua likaondoka dirishani. Nikaweka mkasi chini. Sikati wala sipaki kichwa cha mtu kwa taa, kwa sababu taa huficha mpaka wa weusi na huigeuza kahawia kuwa nyekundu.

"Uniache nusu kuku nusu kanga?"

"Mpaka kesho asubuhi. Mbele tutapamaliza kwa mwanga, ndipo uniambie kama mvi nazo tuzipake au tuziache."

Akafunga kilemba, kwa ulegevu. "Nakifunga kwa ajili yako," alisema mlangoni, "watu wasije wakasema wifi yangu hajui kukata."

Mama Mikate alitoka naye, bado anacheka.

Nikafagia weusi. Kishungi kile safi nikakipaka kahawia kidogo, na muda wake ulipotimia nikakisuuza, nikakilaza juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha. Rangi yake nitaijua kukicha.