Santuri ya Besi

Jumamosi fundi friji alinunua santuri nne kwa mama muuza mitumba, akazibeba nyumbani ndani ya mfuko wa unga zisipigwe jua. Mbili zilikuwa za Nyota Sita, bendi aliyoipenda kwa sababu magitaa yake matatu hayakukatana kauli hata siku moja. Ya tatu ilikuwa ya Bendi ya Kiwanda cha Sabuni. Hiyo aliinunua kwa ajili ya gitaa la rithimu tu, maana mwimbaji wao aliimba kama mtu mwenye mafua. Ya nne, ndogo ya inchi saba, ilikuwa ya Wana Mkesha, ambako baba mkwe wake alikuwa akipiga besi miaka thelathini na moja iliyopita.

"Hiyo inakua," mama muuzaji alimwambia akiizungushia gazeti. "Usiiweke karibu na ukuta."

"Sawa," fundi akasema.

Jumapili aliipiga hiyo ndogo, ikadumu dakika tatu. Solo lilikuwa la kijana aliyeitwa Vidole, ambaye kila mtu alijua kwamba alihamia ng'ambo na hakuwa mtu wa barua. Fundi alisikiliza amefumba macho hadi mwisho.

Jumatatu alipotoka kazini aliipima kwa futi akakuta inchi tisa. Sasa ilidumu dakika nne, kwa sababu wimbo ulipokwisha watu waliendelea kuongea mle studioni. Mmoja alicheka. Vidole alisema uzi wake wa tatu umelegea, na kwamba angependa warudie ubeti wa pili.

Jumatano ilikuwa inchi kumi na tano. Fundi alikata kifuniko cha gramafoni kwa msumeno, akaurefusha mkono wa sindano kwa kipande cha bomba la shaba la friji. Mkewe, mshonaji, alikuwa pembeni akipiga pasi suruali za wateja. Baada ya maongezi ya uzi, mlango uligongwa mara tatu ndani ya santuri. Wanaume wawili wakaingia, wakauliza nani katunga ule ubeti unaomsema mkubwa. Sindano ikafika mwisho.

Mkewe aliisimamisha pasi.

"Fundi, kesho usiipige nikiwa sipo."

"Nitakungoja."

Hawakuipiga kesho yake, kwa kuwa mkewe alichelewa kwa mteja. Ijumaa santuri ilikuwa pana kuliko meza, wakasogeza makochi ukutani na kuishusha sakafuni pamoja na gramafoni. Karatasi ya katikati nayo ilikuwa imekua, hata maandishi yake yalisomeka kutokea jikoni: mtunzi na kiongozi, jina la baba mkwe.

Walikaa bega kwa bega. Wale wanaume wakauliza tena. Kiti kikaburuzwa. Halafu sauti nzito, isiyo na haraka, ikasema, "Ni huyu mwenye solo. Mimi ni besi tu."

Mkewe aliitambua kabla sentensi haijafika katikati. Ndiyo sauti iliyomfundisha kuhesabu. Vidole aliomba dakika moja aweke gitaa lake kwenye mfuko. Akaambiwa aliache, atarudi sasa hivi.

"Jumapili baba aje," mkewe akasema. "Asikie mwenyewe."

Baba mkwe alikuja saa kumi alasiri, amevaa koti, akaomba chai isiyo na sukari. Aliizunguka santuri kwa uangalifu asiikanyage, akaketi, kikombe juu ya goti. Fundi akashusha sindano. Wimbo ukapita, kicheko kikapita, mlango ukagongwa. Sauti yake iliposema neno lake, mzee aliinua kikombe akanywa.

"Besi imetoka safi," mzee akasema. "Zilitolewa ngapi hizi?"

"Elfu mbili, baba," fundi akasoma kwenye karatasi ya katikati.

"Basi watu wengi wamesogeza makochi."

Fundi akakumbuka nyumba alizoingia kutengeneza friji, na zile sebule ambazo viti vyote vilikuwa vimebanwa ukutani, na katikati kitambaa kipana kimetandikwa juu ya kitu cha duara. Hakuwahi kuuliza, na wenyewe hawakumwambia.

"Alipelekwa wapi, baba?" mkewe akauliza.

"Si umesikia santuri? Haikusema."

"Nakuuliza wewe."



"Walitaka mtu mmoja, mwanangu. Mama yako alikuwa na mimba ya miezi minane. Na hiyo mimba ni wewe."

Mkewe alikuwa amesimama, birika mkononi. Akainama, akamwongeza baba yake chai, akaijaza hadi ukingoni.

Santuri haikukua tena. Mzee sasa huja kila Jumapili, na husema kwamba angependa kuusikia wimbo wake. Fundi hushusha sindano na kurudi kitini. Mkewe hupiga magoti sakafuni, kidole kimoja chini ya lile bomba la shaba, haangalii mtu. Solo likimalizika, kabla yule mmoja hajacheka, huinua sindano.