Babu Breki Anyoosha Mikono

Mabasi ya jiji yaliposimamishwa kwa sababu ya ugonjwa, dereva mmoja alibaki nyumbani hana la kufanya ila kumsumbua mkewe jikoni. Kazini walimwita Breki, kwa kuwa alianza kupunguza mwendo kituo kikiwa bado hakijaonekana. Sasa alipanga upya makopo ya viungo. Alitoa ushauri kuhusu ukataji wa vitunguu. Mwishowe mkewe akamwonyesha mlango kwa mwiko.

"Baba watoto, nakupenda, lakini nenda ukajifunze kitu. Watu wote siku hizi wanasoma kwenye simu."

Breki hakuhitaji kuchagua somo. Mjukuu wake, Kidoti, alizaliwa hasikii. Miaka yote walikuwa wakizungumza kupitia mama yake: Kidoti anaongea kwa mikono, mama anatafsiri, Breki anacheka panapostahili. Mama akitoka chumbani, Breki alikuwa na dawa moja tu, kuitikia kwa kichwa. Mtoto akiuliza, anaitikia. Akieleza, anaitikia. Wakati mwingine alilala akijiuliza ni nini hasa alichokubali siku hiyo. Sasa alitaka siku moja tu ya kuongea na mtoto yule bila mkalimani.

Mwalimu wa lugha ya alama alikuwa binti ambaye naye hasikii. Alifundisha kwa video, na maelezo akayaandika chini ya skrini. Somo la kwanza aliandika: "Mzee mwenye kofia, mikono yako inatoka nje ya picha." Breki, aliyetii alama za barabarani maisha yake yote, akaikunja mikono palepale. Viwiko ubavuni, vidole mbele ya kifua, kila neno likatoshea ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Mwalimu akamwinulia dole gumba.

Asubuhi alikwenda kufanya mazoezi kwenye bustani ya jiji, mahali pekee palipoachwa wazi ili watu wapate hewa. Benchi moja lilikalika, la pili limefungwa utepe.

"Mzee, vipi, nyuki?" mtunza bustani alimuuliza kutoka mbali, mpira wa maji mkononi, alipoona vidole vyake vikirukaruka hewani.

"Nasoma!"

"Haya, msomi. Ila usinikanyagie maua."

Hatimaye watu wa nyumba mbalimbali wakaruhusiwa kukutana nje, kila mmoja na barakoa yake, bila kusogeleana. Binti yake, mama wa Kidoti, na Kidoti mwenyewe wakaja kwa baiskeli, kila mtu na yake, wakasimama ng'ambo ya uwanja wa nyasi. Moyo wa Breki ulikuwa ukimdunda kama siku ya mtihani wa leseni. Akainua mikono, akasema sentensi aliyoifanyia mazoezi mpaka mkewe naye akaijua: Mjukuu wangu, nimekukumbuka sana.

Kidoti akakunja uso. Akasogeza shingo mbele, akakodoa macho, kisha akamgeukia mama yake. Mama akacheka mpaka akashika usukani.

"Baba! Anauliza mbona unanong'ona?"

"Nanong'ona vipi, na sijafungua mdomo?"

"Mikono yako, Baba! Unaongea kama umefungiwa kabatini!"

Breki akajitazama. Kweli, viwiko vilikuwa vimegandamana na mbavu, na vidole vinachezacheza mbele ya kifungo cha shati. Alikuwa amebeba ukubwa wa simu mpaka bustanini. Akarudi nyuma hatua moja, akainyoosha mikono kama mtu anayeongoza lori kurudi nyuma. Mjukuu wangu! Nimekukumbuka! Sana!

Kidoti akaiachia baiskeli ikaanguka. Maneno yakamtoka mikononi kwa kasi, Breki akaomba polepole, mtoto akayarudia. Babu, uliniahidi. Siku yangu ya kuzaliwa nilikuuliza kama tutaendesha baiskeli pamoja, ukakubali.

Kichwa cha Breki, kwa mazoea, kikaanza kushuka kuitikia. Akakizuia njiani. Akiitikia sasa, masomo yote yale yalikuwa ya nini?

Akasema kwa mikono, kwa ukubwa wa kuonekana na bustani nzima: Siku ile sikukuelewa. Niliitikia tu. Na baiskeli sijui kuendesha.

Breki aliyaona macho ya mtoto juu ya barakoa yakifikiri, kisha mikono yake midogo ikainuka tena.

Na nilipokuuliza kama unanipenda? Uliitikia tu?

Breki akakiri. Hilo nalo sikulielewa. Niulize tena.

Kidoti akauliza tena, polepole, nyusi zimepanda juu. Breki hakukitikisa kichwa hata kidogo. Alijibu kwa mikono yote miwili, neno kwa neno, na mwisho akaongeza: Kuliko wote. Usiwaambie binamu zako.

Mabega ya mtoto yakaanza kucheza kwa kicheko. Kisha akaipigapiga baiskeli ya mama yake na kumwelekezea babu kidole.

"Amesema leo yeye ndiye dereva na wewe ni mwanafunzi," mama akasema.

"Nimemwona. Usinitafsirie."

Binti yake akapangusa usukani kwa dawa, akaiegemeza baiskeli kwenye benchi na kurudi nyuma. Breki akapanda. Akaanza kwenda, kombo kombo, breki zikilia kila baada ya mizunguko miwili, Kidoti akikimbia mbele kwenye nyasi kinyumenyume na kumpigia maneno makubwa: Tazama mbele! Kanyaga! Usiogope!

Breki alikuwa na mengi ya kumjibu, lakini mikono yote ilikuwa kwenye usukani na hakuthubutu kuutoa hata mmoja.

Kesho tena? Kidoti akauliza.

Safari hii alielewa kila alama. Akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu zote, baiskeli ikaitikia naye, na wote wawili wakaelekea moja kwa moja kwenye maua.

"Mzee!" akapiga kelele mtunza bustani. "Si nilikwambia?"