Ntumba za Kiwanja cha Ndege

Kornel alilinda kiwanja cha ndege upande wa Izia, pembeni mwa mji, kama uwanda wa nyasi wenye ng'ombe unastahili jina hilo. Kila Alhamisi kindege cha viti vitano kilileta barua, masista na dawa, naye kazi yake ilikuwa kufyeka na kufukuza mifugo. Mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa mafuta yakapanda bei, na kampuni ikasema safari zimesimama kwa muda. Muda gani, haikusema.

Mvua zikanyesha, nyasi zikafika kiunoni. Mfipa gani aone nyasi nono namna ile asizitamani? Kornel akazikata, akazirundika na kuzifunika udongo zioze ziwe mbolea, tuta la ntumba moja baada ya jingine katikati ya kiwanja, kisha akapanda maharage juu yake. Ndege yenyewe iko wapi, alijiambia.

Asubuhi moja Yunusu, mwenye duka na lori la kubeba abiria mjini, akamjia mbio. Binti yake Sada alikuwa na uchungu tangu juzi, mtoto hatoki, na barabara ya kwenda hospitali ya Mbeya ilikuwa tope tupu. Bomani walikuwa wameita ndege kwa redio.

"Kiwanja kiko sawa sasa, Bwana Kornel?"

Aibu ikamshika. Akadanganya.

"Kiko sawa."

Akachukua jembe akaenda kubomoa ntumba peke yake, maana kuita watu kungekuwa kujitangaza. Mpumbavu! Majirani wangezisawazisha zote upesi. Hakuwa amefika hata nusu ndege ilipotokea. Ikashuka chini, ikapanda, ikazunguka tena, kisha ikarudi ilikotoka.

Sada akapakiwa kwenye lori la baba yake. Alifia njiani, mtoto bado tumboni.

Msibani watu walimlaani rubani, wakamwita mwoga. Kornel aliwasikiliza, akausukuma wali wake pembeni. Alijichukia. Mwishowe akamfuata Yunusu nyuma ya nyumba, akapiga magoti.

"Ntumba zile ni zangu. Nilikudanganya. Nimemuua Sada."

Yunusu hakumwinua. Aliketi chini, palepale kwenye tope, na kanzu yake nyeupe.

"Nilikuona ukizilima," alisema. "Kila nilipopita na lori nilikuona. Nikanyamaza, ndugu yangu. Nilisema ndege ikikosa pa kutua, abiria wote watakuwa wangu."